Bafu au Stoo

Mwaka 1954, wiki mbili baada ya harusi yetu, mume wangu Anaeli alinileta Dar es Salaam kutoka Usangi, tukapanga chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Yeye alikuwa karani kule Posta. Nyumba ilikuwa ya Bwana Humoud, Mwarabu aliyekuwa na duka la mchele na tende Msimbazi. Ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na nyuma ua wenye bafu moja ambalo ndilo lilikuwa choo pia. Bafu hilo tulilitumia watu kumi na wanne. Kabla ya hapo sikujua kwamba mtu anaweza kupanga foleni nyumbani kwake, na kopo lake la maji mkononi.

Uani palibaki kona moja tupu, karibu na chumba cha Bi Zeina, mama yake Humoud. Kona yenyewe ilikuwa hatua nne kwa tatu, haikutosha vitu viwili. Humoud alitaka kujenga stoo. Mkewe, Bi Fakhriya, alitaka bafu la pili.

Humoud alikuwa na sababu zake. Masika ya mwaka uliotangulia, maji yalipanda kutoka bonde la Msimbazi yakaingia kwenye ghala alilokuwa amepanga, mchele wake ukaota ukungu gunia kwa gunia. Tangu hapo alihifadhi mzigo nyumbani. Na kwa kuwa chumba cha mama yake kilikuwa kikavu kuliko vyote, magunia yalipangwa humo, ukuta mzima, hadi karibu na dari. Bi Zeina alilala upande mmoja, mchele upande wa pili.

"Nikijenga stoo, mama anapata chumba chake kizima," Humoud alikuwa akisema. "Hilo si jambo dogo."

"Si dogo," Bi Fakhriya alijibu. "Lakini sidhani kama kinachomsumbua mama ni magunia."

"Amekwambia anasumbuliwa na nini?"

"Hajaniambia kitu."

Mazungumzo yao yaliishia hapo kila mara. Bi Zeina mwenyewe akiulizwa, alisema lolote watakalojenga litamfaa. Alikuwa amepita miaka sabini, magoti yamemchoka, akitembea anashika ukuta. Hakuwa mtu wa kulalamika, na sisi wapangaji tuliuona huo kuwa ndio upole wake, tukaridhika.

Asubuhi moja nilikaa uani na Bi Fakhriya tunachagua mchele. Chini ya dirisha la Bi Zeina palikuwa na debe lililopandwa mrehani. Bi Fakhriya aliweka ungo chini, akaenda kuinama pale. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani hadi ndani ya debe. Alichota udongo kidogo akaunusa, kisha akaniletea na mimi ninuse. Ulinukia chai ya iliki.

"Jana jioni nilimpelekea mama kikombe," alisema taratibu. "Na juzi pia. Vyote vilirudi vitupu."

Mimi sikuelewa, ikabidi anieleze kwa sauti ya chini. Mama mkwe wake alikuwa akijinyima kinywaji tangu alasiri, ili asubuhi asihitaji kutoka wakati bafu lina watu. Ndiyo maana midomo yake ilikuwa imekauka. Ndiyo maana wiki iliyopita alishikwa na kizunguzungu akakaa kitako mlangoni, na sote tukasema ni joto.

"Mwambie Bwana Humoud leo hii," nikasema.

Alitikisa kichwa. "Mama amemwaga chai yake kwa siri, Sofia. Nikimtolea siri kwa mwanawe, nitakuwa nimemvua nguo. Hataweza tena kumtazama usoni."

Mimi ningesema. Ningesema nikilia, tena mbele ya wapangaji wote. Yeye alirudi kwenye ungo wake akaendelea kuchagua mchele. Jioni alipeleka vikombe viwili badala ya kimoja, akakaa kitandani kwa mama mkwe wake wakanywa pamoja, akipiga naye soga mpaka vyote vikaisha.

Kisha akamwambia mumewe, "Baba Muhiddin, kesho usiende dukani mapema. Yale magunia ya chumbani kwa mama yameanza kuegemea upande. Kayatazame mwenyewe kukipambazuka vizuri."

Ilikuwa kweli, yalikuwa yameegemea. Lakini Humoud alikuwa na kawaida ya kutoka msikitini alfajiri akapitiliza dukani. Miaka yote aliyoishi katika nyumba ile, foleni yetu ya asubuhi hakuwahi kuiona.

Kesho yake nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Bi Zeina alitoka chumbani akishika ukuta, akatuona.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Pita wewe kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Wewe maliza, mumeo anawahi kazini. Mimi sina haraka."

Akarudi ndani. Baada ya kitambo alitoka tena, akakuta mlango wa bafu umefungwa na watu wengine wawili wameongezeka nyuma yangu, akageuka. Kupitia dirisha lake nilimwona Humoud amekaa juu ya gunia alilokuja kulikagua, mikono magotini. Alikuwa akimwangalia mama yake anavyojishusha kitandani kidogo kidogo, akishikilia magunia asianguke.

Bi Zeina alipotaka kuinuka mara ya tatu, Humoud alimshika mkono. Wakaja pamoja hadi mlangoni pa bafu, sote tukasogea. Kwa mwanawe hakubisha. Alipoingia, Humoud alisimama ameupa mlango mgongo, ametuelekea sisi, mtu mzima mwenye kifua kipana, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kila siku ni hivi?" aliuliza.



"Ndiyo, Bwana Humoud," nikajibu mimi.

Siku hiyo hiyo alasiri alikuja na Shomari, fundi mwashi wa mtaa wetu, akamwonyesha ile kona akamwambia anataka bafu. Nilidhani Bi Fakhriya atafurahi kimoyomoyo na kunyamaza, maana alikwisha kupata alichotaka.

"Na magunia?" akauliza.

"Yatakaa yalipo," Humoud alisema. "Mama kwanza."

"Hapana. Njooni ukumbini mwone."

Aliwaonyesha juu. Ukumbi ulikuwa mrefu, na kuta zake zilipanda sana kabla ya kufika kwenye paa. Alisema zilazwe boriti kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya vichwa vya watu, zipigiliwe mbao, iwe dari ya kuwekea mzigo. Hata mafuriko yakija hayatafika huko, na mama atabaki na chumba chake. Shomari aligonga ukuta huku na huku kwa ngumi, akapima kwa kamba, akasema kuta zitabeba mradi boriti zisipungue kumi.

Humoud alimgeukia mkewe. "Umelifikiria hili tangu lini?"

"Tangu uliposema si jambo dogo," alijibu Bi Fakhriya.

Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa miaka. Wakati sisi tukidhani wanashindana, yeye alikuwa ameichukua hoja ya mumewe akaihangaikia kama yake.

Kazi ilichukua majuma matatu. Mlango wa bafu jipya uliwekwa hatua tatu kutoka mlango wa Bi Zeina, bila kizingiti cha kumkwaza, na ndani Shomari akapigilia ukutani mti laini wa kushikia. Humoud alitangaza kwamba hilo ni la mama yake na la wanawake, wanaume wabaki na lile la zamani. Hakuna aliyepinga.

Tuliishi pale miaka minne zaidi. Bi Zeina hakujua kamwe kwamba tulijua, na Humoud hakusikia habari za chai. Dari ya ukumbini ilikuwa na taabu yake, kwani kila mzigo ulipoingia ilibidi Humoud apande ngazi na gunia begani, jasho likimtoka. Sikumsikia akilalamika. Nakumbuka mama yake akimwita kutoka kitandani, katika chumba kisicho na magunia tena, ambamo sasa sauti ilisikika vizuri, "Polepole, mwanangu," naye akijibu, "Ndiyo, mama," huku akipanda.