Foleni ya Rahima

Chuo kilikuwa kimeomba mhandisi, lakini yule wa kiwanda cha nguo cha Bugolobi alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa nchini na serikali ya kijeshi mwaka juzi. Badala yake akaja Rahima, fundi wa mitambo wa kiwanda hicho, na gia moja ya chuma ndani ya kikapu.

Mwalimu aliyeandaa siku hiyo ya ushauri wa kazi alizitazama kandambili za Rahima, akampa meza ya pembeni. Shauri yake! Rahima aliiweka gia mezani.

"Vipuri haviji tena," aliwaambia wanafunzi. "Hii nimeichonga mwenyewe kwa tupa, wiki tatu. Ya kwanza iko mtamboni, na mtambo unafuma mpaka leo."

Wakamiminika kwake, wakapanga foleni hadi mlangoni. Meza ya jeshi ya kuandikisha vijana, pamoja na soda zake za bure, ikabaki na koplo peke yake. Mwishowe koplo naye akaja, akawapita wanafunzi wote, kama askari walivyozoea kwenye foleni za sukari.

"Mama, mimi nataka kusoma hii kazi."

Rahima alizikumbuka asubuhi zote alizosukumwa nyuma na sare ile. Akanyoosha kidole mlangoni, foleni ilikoishia.

"Karibu, mwanangu. Anzia kule nyuma."

Koplo akavua kofia, akaenda.