Kipande cha Mgeni

Viti vya plastiki alivyoazima Jackline kanisani vilibaki vitupu. Aliketi kwenye kimoja, angalau hicho kiwe na mtu, akalitazama bango lake: SEMINA YA UTUNZAJI WA MAJI MJINI. Upepo ulikuwa umeshabandua kona moja.

Chuo kilikuwa kimemtuma hapa Same, kwenye mtaa huu wa chini ya mlima, afundishe watu kutunza maji yao na waunde kikundi. Jumatatu mhadhiri wake angekuja kukiona hicho kikundi. Hakikuwepo. Alikuwepo yeye, na chumba cha kupanga ambacho hakuna aliyewahi kukipigia hodi. Mtaa mzima ulimwita mgeni, kwa upole, kisha ukapita.

Mama Eliakunda, jirani yake, alikuwa anatoka bombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgeni. Unamsubiri nani?"

"Watu wa semina."

"Hawaji." Akatua ndoo. "Wiki iliyopita pembe ililia alfajiri. Hukuisikia?"

"Niliisikia. Nilidhani ni harusi."

Mama Eliakunda alicheka, akajishika kiuno. "Harusi alfajiri! Ile ni pembe ya msaragambo, mwanangu. Mtaa mzima tulitoka na majembe kuzibua mfereji, mlango wako umefungwa. Watu wakasema, huyu anafundisha maji ila tope hataki."

Jackline akainamisha macho. Alfajiri ile alikuwa ameamka. Alisikia vicheko vikipita dirishani, akajivutia shuka.

"Sikujua kama na mimi nahesabiwa."

"Kila mlango unahesabiwa. Nenda kaangalie, kipande chako cha mfereji kipo."

Kilikuwepo. Mfereji uliopeleka maji ya ziada ya tangi la mtaa kwenye bustani ulishuka ukiwa msafi, kingo zimenyooka, halafu katikati pakawa na nyasi na tope, hatua chache tu. Maji yalifika hapo yakakosa njia, yakasambaa barabarani. Wiki nzima watu walikuwa wakiruka dimbwi lake, na hakuna aliyemwambia.

Aliazima jembe kwa Mama Eliakunda, akachimba. Waliopita walimwambia "pole na kazi", wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyeshika jembe kumsaidia. Kipande cha mtu ni cha mtu. Viganja vilitoa malengelenge. Kule bondeni viti vilionekana vimejipanga, vyeupe, kama vinamsubiri yeye.

Jua lilipoanza kushukia tambarare, Mzee Zebedayo, mpiga pembe, alisimama ukingoni. Alikitazama kile kipande.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Teremsha zaidi hapo, Jackline."

Tangu afike mtaani hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina lake. Akateremsha jembe.

"Vile viti ni vya kanisa?"

"Ndiyo, babu. Nikimaliza hapa nitavirudisha."

"Usivirudishe kwanza," alisema mzee, akaenda zake.

Jackline akabaki peke yake, akainama tena. Maji yalikuwa bado hayajapita.