Ua Lenye Uzi Mwekundu

Wivu ukimwingia mtu huanzia machoni. Kokwijuka wa Songambele, mama yake Jovitus, hakuweza kwenda kanisani bila kuchungulia bustani ya jirani yake, Nyirabageni. Zinia hizo! Shina moja limebeba maua kama mgomba ulioelemewa na mkungu, ilhali yake yeye yalizidi kusinyaa mwaka hadi mwaka. Na mbegu wote wawili walipewa na sista mmoja, kiganja kwa kiganja, enzi watoto wao wakinyonya.

Zamani altare ilipambwa kwa maua ya wote wawili. Sasa Askofu anakuja Jumapili kutoa kipaimara, na akina mama wameshasema: safari hii maua ni ya Nyirabageni matupu.

"Ana dawa huyo," Kokwijuka alijiambia. Kwani katikati ya bustani si kuna shina limefungwa uzi mwekundu? Jumamosi alfajiri akapenya migombani na kisu, akalishika.

"Kitendawili!"

Nyirabageni huyo, jembe begani. Kwa mazoea, Kokwijuka akajikuta anajibu, "Tega."

"Binti yangu mzuri kuliko wote haendi harusini."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Omurushaka."

"Omurushaka nilifika, nikala, nikashiba. Binti ndiye huyo uliyemkaba shingo, Mama Jovitus. Kila msimu shina linalozaa kushinda mengine nalifunga uzi. Silikati, hata padre aombe. Linakaukia hapo hapo, nami napanda mbegu zake. Wewe je?"

"Mimi mazuri yote nampa Mungu. Mbegu nachuma kwenye yanayobaki."

"Ai, waitu, jamani! Miaka yote unapanda makapi, halafu jicho unanikodolea mimi?"

Kokwijuka aliondoka na kisu chake. Heri ingekuwa dawa. Dawa angeisema kwa watu.

Kwake lilikuwapo shina moja lililoyapita mengine, alilomwekea Askofu alione. Alilizunguka, akaliinulia kisu, akakishusha. Mwisho akafumua uzi kwenye sweta lake kuukuu, akalifunga.

Jumapili alikaa benchi la nyuma. Altareni maua ya Nyirabageni yalicheka, na Askofu akayasifu mbele ya watu wote. Kokwijuka akasaga meno.

"Mama Jovitus, mbona leo mikono mitupu?" Benadeta wa kwaya alimuuliza mlangoni.

"Binti yangu haendi harusini," akajibu, huku akiyapima maua ya Nyirabageni kule altareni kwa jicho lile lile la wivu.