Safari ya Mirihi, Masumbwe

Kinyaa kilianza kumpanda Mwalimu Zakia asubuhi, pale mkuu wa shule, Mwalimu Sostenes, alipoingiza mkono ndani ya chombo cha angani na kuutoa mshumaa. Mgeni rasmi akiuona, alisema, atadhani Masumbwe bado tuko gizani. Mahali pake akaweka tochi ya betri.

Chombo chenyewe kilikuwa turubai la plastiki lililoshonewa zipu, likavutwa juu ya mirunda katikati ya uwanja. Muhula mzima wanafunzi wa kidato cha tatu walikaa humo kwa zamu wakijifanya wako Mirihi, wanachuja maji, wanaandika joto kila saa. Mshumaa ulikuwa wazo la Mbuke, kiongozi wa safari, binti wa mchimbaji wa duarani, yale mashimo ya dhahabu. Baba yake hushuka nao shimoni. Mwali ukifa, hewa imekataa, watu wanapanda juu bila kuomba ruhusa ya mtu. Zakia aliifanya hiyo kuwa sheria ya kwanza ya safari na kujisifu nayo ofisini.

Mgeni alitarajiwa saa tatu. Hadi saa sita alikuwa bado anakunywa supu huko mjini, na wanafunzi wanne walikuwa bado ndani, zipu imefungwa, jua linachoma plastiki. Mara mbili Zakia aliomba wafunguliwe. Mara mbili Sostenes alimjibu kwamba msafara umekaribia, naye akarudi kitini. Mtu ana shahada nzima ya fizikia, na anarudi kitini!

Zipu ilifunguliwa kutoka ndani. Mbuke alitoka akimburuta mwenzake, Ngusa, aliyetapika palepale, macho yamemlegea. Sostenes hakumtazama mtoto. Aliyatazama matapishi, akaagiza yafukiwe mchanga upesi, kisha wote warudi ndani kwa dakika kumi. Zakia alifungua mdomo amkemee mkuu wake, na maneno yaliyotoka yakawa, dakika kumi tu, Mbuke.

"Baba akitoka duarani hewa imekataa, hakuna anayemrudisha, madamu," Mbuke alisema. "Hata tajiri mwenye shimo hathubutu."

Akampeleka Ngusa kivulini, na wale wengine wawili wakawafuata. Sostenes hakubishana naye. Aliita wanne wa kidato cha kwanza, wadogo mpaka maovaroli ya safari yanawameza, ambao hawakuwahi kufundishwa lolote juu ya safari ile. Waliingia wakicheka, na aliyewafungia zipu ni Zakia, kwa mkono wake.

Mgeni alipofika alikaa dakika saba. Alipiga picha, akauliza kama watoto wameshazoea humo ndani. Zakia alisema wamezoea sana, akapigiwa makofi.

Wale wadogo walitoka salama, na hilo halikumsaidia kitu. Kila asubuhi Mbuke husimama mbele yake getini, hupiga goti, humpa shikamoo kamili. Zakia huitafuta marahaba kinywani asiipate.