Kitenzi cha Kukusanya

Mume wangu Guylain anajifunza Kigiriki cha kale kwa ajili ya mahubiri yake, na wiki nzima ni kitenzi kimoja tu: sunago, kukusanya. Wagiriki walikusanya mavuno kwa sunago, askari kwa sunago, samaki wavuni kwa sunago. Hata kukunja uso, anasema, kwa sababu nyusi zinasogezwa pamoja.

“Na kupokea mugeni mu nyumba, Mama Aurélie, ni ile ile verbe.”

“Na kumurudisha kwabo?” namuuliza.

“Ile hapana. Iko na verbe yake.”

Nimechoka mimi. Hapa Kabuta tuna chumba kimoja, na tangu Krismasi mgeni wetu Bénie na wanawe wawili wanalala humo pamoja nasi. Alivuka ziwa kutoka Pweto na begi moja. Chisense wake, dagaa aliokuwa akiwakausha mchangani kando ya wetu, ndio waliokuwa nauli yake ya kurudi. Niliwaombea jua kuliko nilivyowaombea wetu.

Siku moja alikuwa amewapeleka watoto kliniki. Wingu likapanda, na mara mvua ikawa imekwisha kumeza kisiwa cha Kilwa kule ziwani. Turubai lilikuwa moja, na muda haukutosha. Guylain akaanza kuokota wetu.

“Acha!” nikamwambia. “Kusanya ya Bénie.”

Akaniangalia kana kwamba nimeokoka upya. Sikumsahihisha. Haikuwa huruma, nilitaka chumba changu, nilitaka kulala nimenyoosha miguu.

Tukawaokota wa Bénie, tukawafunika. Wetu wakalowa mpaka wakawa uji.

Bénie aliporudi, mtoto mdogo mgongoni, aliona turubai, akauona na uji wetu. Akakaa chini kwenye tope akalia kwa sauti. Kisha akagawa chisense wake mafungu mawili.

“Na nauli?” nikauliza haraka.

“Nitaenda namna gani, yaya, dada yangu, na weye ulipoteza yako juu yangu? Niko nabakia. Tutakausha ingine pamoja.”

Nilijua nyusi zangu zinafanya nini. Guylain naye alijua, akainama akaanza kukunja turubai.

Machozi yakanitoka. Ni uchovu, nilijiambia, ingawa haukuwa uchovu peke yake. Nikamfungua mtoto mgongoni mwa Bénie, nikamlaza upande wangu wa mkeka, ambako paa halivuji.