Shuka ya Kuazima

Kwa kupanda vilima na baiskeli, Selina wa Qurus hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana mjomba wake Josephati, mwongoza watalii na mwandaaji wa mbio za baiskeli za hisani kutoka Karatu, alimpangia awapokee wageni kwenye mlima wa mwisho na kuwaingiza Enguserosambu, kijiji cha Wamaasai. Michango ya mbio ingemsomesha uuguzi binti mmoja wa wafugaji, ili wagonjwa wa huko wapate mtu wa kuwaelewa. Selina alikuwa Mwiraqw, Kimaasai hakijui kabisa. Lakini chuo alishakikosa, na nafasi hiyo ya masomo aliitamani mpaka usingizi ukamruka.

Josephati alimletea shuka nyekundu na shanga za kuazima.

"Vaa, mama. Wageni watajuaje kuwa wewe si binti wa wafugaji? Lugha utajifunza mbele ya safari."

"Na wenyeji, mjomba?"

"Wenyeji niachie mimi."

Moyo ulimwambia avue. Mikono ikafunga fundo juu ya suruali ya baiskeli.

Kijijini kamera zilimzunguka, gari la wauguzi waliofuatana na mbio likiwa limeegeshwa kando. Bibi mmoja akapenya katikati ya wageni, akamshika mkono na kusema Kimaasai harakaharaka, akionyesha upande wa boma. Kiongozi wa wageni akamwomba Selina atafsiri. Selina akamtafuta mjomba kwa macho. Mjomba ameinama, anakagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Anasema karibuni," Selina akasema. "Anashukuru sana."

Wageni wakapiga makofi. Bibi naye akatabasamu, maana aliamini amesikika. Akasubiri. Kisha tabasamu likamtoka.

Parmuat, mwenyekiti wa kitongoji, ndiyo kwanza alikuwa anafika kutoka kunywesha ndama. Bibi akamkimbilia, wakasemezana, na Parmuat akamgeukia Selina bila kupandisha sauti.

"Amekuambia mkaza mwanawe ana uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Anauliza mbona mnapiga makofi na gari halijawashwa."

Aibu ilimchoma Selina mpaka masikioni. Angeweza kusema hakusikia vizuri, na mjomba angemtetea. Akatamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikupasuka.

"Sijui Kimaasai," aliwaambia wote. "Mimi ni Mwiraqw wa Qurus. Nimewadanganya. Kuna mama anajifungua kule, twendeni na gari."

Josephati hakuinua kichwa kutoka kwenye tairi.

Gari la wauguzi likaenda bomani. Mgonjwa alipotolewa anatetemeka, Selina akafungua lile fundo, akamfunika kwa shuka, akabaki na suruali yake ya baiskeli na shanga za watu shingoni.

Bibi hakujua Kiswahili. Maungamo yote yalimpita. Kabla ya kupanda gari alimwekea Selina kiganja kichwani na kumsalimu kwa Kimaasai, kama anavyosalimiwa mtoto wa nyumbani, akangoja aitikiwe.

Selina hakulijua hata neno la kuitikia.