Mstari wa Kiunoni

"Kitendawili!" alisema bibi, mgeni wake akiwa bado hajakaa sawasawa.

"Tega."

"Nina mabinti wa kazi, hawana macho, lakini wao ndio wanaonionyesha njia."

Mgeni akakuna kichwa. Alikuwa mpambaji wa nyumba kwa ndani, kazi aliyoisomea akahitimu, lakini mtaani walimbandika jina la Mama Mapazia, maana waliamini kazi yake yote ni kuchagua kitambaa na kunyoosha kidole: weka hapa, toa pale. Siku hiyo alikuja kwa hila ndogo. Binti mkubwa wa bibi alimwajiri aigeuze nyumba nzima, iwe zawadi ya kumshtukiza mama yake, na mama mtu akaambiwa huyu amekuja kupima mapazia tu.

"Miguu?" akabahatisha.

"Umekosa! Nipe mji."

"Chukua mji wowote, bibi."

"Mji wa kuokota huo siutaki. Jibu utalipata siku ukiwa na mji wa maana," bibi akasema, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Akamimina chai, kidole kimoja kimening'inia ndani ya ukingo wa kikombe. Mama Mapazia akaona, akasema moyoni, mazoea ya wazee. Akaona miguu ya meza imeviringishwa matambara, na mwisho wa mbao ya kushikia kwenye ngazi za jikoni pamefungwa fundo la kitambaa. Akasema moyoni, uchakavu.

"Mapazia badilisheni mtakavyo, mwanangu," bibi alimwambia akimsindikiza, mkono wake ukiteleza ukutani. "Ila vitu vyangu visisogezwe."

Kila mwenye nyumba mzee husema hivyo. Kwa Mama Mapazia maneno hayo yalikuwa kama mlio wa nzi: unayasikia, unaendelea na kazi.

Bibi akachukuliwa na mwanawe wa kiume kwenda kupumzika kwake, na huku nyuma nyundo zikaanza. Nyumba ile ilijengwa kwenye mteremko, sebule juu, jikoni chini, na katikati ukuta mnene ulioziba ngazi na mwanga wote. Mama Mapazia akauvunja. Jua likaingia hadi mafundi wakapiga miluzi. Ngazi akazihamishia upande wa pili. Sakafu ya sebule sasa ilikatika ghafla kama ukingo wa meza, na chini yake, zaidi ya kimo cha mtu, ilikuwa saruji ya jikoni. Pale ukingoni pangesimamishwa kioo kinene cha kuzuia watu. Asubuhi ya siku ya bibi kurudi, fundi vioo akaleta kioo kifupi. Akakipima, akakilaani, akakirudisha kwenye gari.

"Nakuja na kingine," akasema. "Kwani nani ataanguka mchana kweupe? Shimo lote hilo linaonekana!"

Mama Mapazia akacheka naye.

Mchana, fundi rangi alikuwa amechutama ukumbini akinung'unika.

"Mama Mapazia, ukuta huu una jini."

"Jini gani tena?"

"Kuna mstari wa mafuta humu. Nimepiga msasa, nimepaka mkono wa kwanza, mkono wa pili, bado unachungulia. Njoo uutazame kwa ubavu."

Akaenda, akainamisha kichwa, akauona. Ulikuwa wa kimo cha kiuno, kivuli chembamba chini ya rangi mbichi. Ulianzia mlango wa mbele, ukafuata ukumbi, ukakatika pale lilipokuwa kabati zito la mbao ambalo alilitoa nje, ukatokea ng'ambo ya kabati, ukaenda moja kwa moja hadi pale ulipoanzia ule ukuta wa zamani. Hapo ukaisha. Mbele yake palikuwa na hewa tupu na saruji ya jikoni.

Akaweka vidole vyake juu ya mstari. Vikakaa vyenyewe, kama vilikuwa na pahali pao.

"Vidole," akasema.

"Vidole vimefanya nini?"

"Ndilo jibu. Mabinti wa kazi wasio na macho. Ni vidole."

Fundi rangi akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. Kidole ndani ya kikombe kilikuwa kinasubiri chai ikiguse. Matambara kwenye miguu ya meza yalikuwa ya kulinda ugoko. Fundo mwisho wa mbao lilikuwa likiuambia mkono, hapa ndipo ngazi zinapoishia. Na matambara hayo yote aliyakata yeye kwa mkasi wake, akayatia kwenye gunia la takataka huku akiimba.

Honi ikalia getini.

Alikimbia hadi mwisho wa sebule, kule alikojificha binti mkubwa nyuma ya pazia jipya, simu mkononi tayari kwa kupiga picha.

"Dada, mama yako haoni."

"Eti?"

"Macho yake hayaoni. Na pale ukingoni hakuna kioo. Tumzuie mlangoni."

Binti akacheka kwa pua. "Mama? Juzi tu ameniambia nimenenepa!"

"Alikuambia kabla ya kukukumbatia, au baada?"

Binti akaacha kucheka. Akamshika Mama Mapazia mkono, kucha zikazama. "Neno hilo usilitamke mbele ya kaka," akanong'ona. "Ameapa, siku macho ya mama yakimshinda, anaifunga nyumba hii, anamhamishia kwake. Mama akitolewa hapa hamalizi mwaka. Na haoni wapi bwana, anatembea vizuri kuliko mimi! Nyamaza, wanaingia."

Mlango wa mbele ukafunguka.

Mama Mapazia alisimama katikati ya hofu mbili. Akipiga kelele, "Simama, huoni!" bibi anapoteza nyumba. Akinyamaza, bibi anapoteza shingo. Akaanza kwenda, lakini mbele yake lilikuwa lile kochi refu alilolichagua mwenyewe, lililotanda sebule nzima.

"Niachie mkono," sauti ya bibi ilisikika. "Hii ni nyumba yangu, siyo hospitali."

"Haya mama, haya," mwanawe akasema akicheka, akarudi kushusha mizigo.

Bibi akaweka mkono ukutani. Rangi mpya ikampokea, laini, baridi. Mkono ukasita. Pua ikanusa. Akapiga hatua, na nyingine, mpaka pale vidole vilipotarajia kabati. Hapakuwa na kabati. Mkono ukabaki unaelea, vidole vikichezacheza hewani kama wadudu waliofukiwa shimo lao.

Miaka yote ya kazi yake, Mama Mapazia alizoea kuzitazama nyuso za watu wakiingia kwenye vyumba alivyovipamba. Aliona wakilia kwa furaha, aliona wakikunja uso kwa sababu ya rangi. Hakuwahi kuona uso kama huu, uso wa mtu aliyefungua mlango wake akakuta nyumba haimjui. Na bibi hakuuliza kitu. Anayeficha hana ruhusa ya kuuliza. Alisikia pumzi za watu mwisho wa sebule, akavaa tabasamu, akaongeza mwendo ili waone kuwa ni mzima. Akaelekea pale ulipokuwa ukuta wake.

Mama Mapazia akaparamia kochi. Goti moja lilikuwa juu, mguu wa pili bado sakafuni. Bibi alikuwa mbali, na ukingo ulikuwa karibu.

"Kitendawili!" akapasua sauti.

"Tega!" mdomo wa bibi ukajibu kabla ya akili, na mguu ukasimama.

Kisigino kilikuwa sakafuni. Vidole vya mguu vilikuwa hewani. Mwanawe, akiwa mlangoni na begi, akacheka, "Hawa nao wameanza." Kutoka kule mlangoni hakuuona mguu.

"Jana ni ukuta, leo ni kisima," Mama Mapazia akasema.

Tabasamu likabaki usoni mwa bibi, lakini rangi ya uso ikaondoka chini yake. Polepole, kama anayetoa kidole kwenye mdomo wa mbwa, akaurudisha mguu.

"Umenishinda," akasema, sauti nyembamba. "Chukua miji yote. Njoo unipe jibu hapa karibu, mwanangu. Masikio yangu yamezeeka."

Mama Mapazia akaruka kochi na viatu vyake, akamkamata mkono. Mkono ulikuwa barafu.

"Nyumba mpyaaa!" Binti mkubwa akachomoka nyuma ya pazia na simu yake juu. "Mama, sema kitu! Rangi umeipenda?"

Ilikuwa manjano, ya ndizi iliyoiva. Neno moja tu la kunong'ona. Mama Mapazia akavuta pumzi amsaidie, na bibi akambana vidole kwa nguvu. Aache.

"Ni rangi gani?" bibi akauliza.

Simu ikashuka taratibu, bado inapiga picha, ikapiga picha ya sakafu.

"Mama," mwanawe akasema. Begi lilimwangukia mguuni, hakulijali. "Tangu lini?"

"Ya tangu lini yatakusaidia nini?"

"Basi leo hii tunarudi kwangu."

"Kwako nikashike nini? Kwako nimepotea nikitoka chooni, nikasema natafuta sabuni. Hapa nilikuwa naona." Akageuza uso upande wa Mama Mapazia. "Mpaka huyu aliponitoa macho."

Neno hilo lilimchoma Mama Mapazia, naye hakuwa na pa kulikwepea.

"Nitayarudisha," akasema. "Kaka, nipe nafasi. Kabati, mbao, ukuta wenyewe. Nikishindwa, mchukue."

Mwanawe alikwenda hadi ukingoni, akachungulia chini kwenye saruji. Kisha akashika lile kochi refu, akalikokota peke yake, miguu ya kochi ikiikwaruza sakafu mpya, akauziba ukingo wote kwa mgongo wa kochi. Akaketi juu yake, akafunika uso.

Mama Mapazia akatoka uani, akapiga magoti, akachakura gunia la takataka mpaka akayapata yale matambara ya bibi. Alirudi nayo akijaribu kufunga upya lile fundo la mbao ya ngazi, lakini kila akifumba jicho aliuona ule mguu, na kitambaa kinamponyoka.

"Lete," bibi akasema.

Akalifunga mwenyewe, haraka, akitazama mbele. Halafu akaweka mkono ukutani, kiunoni, akaanza kutembea upya ukumbini, hatua ndogondogo za kuogopa, na Mama Mapazia akimfuata nyuma na penseli, akichora kila alipopita.